Njia za Ubongo na Ugonjwa wa Kutetemeka

Pengine twamwona mzee ambaye mkono wake hutetemeka hali ameketi kimya. Mwendo wake ni wa polepole, uso wake umekakamaa, sauti yake imefifia. Wengine humcheka kana kwamba amelewa. Wengine hunong'ona kwamba amelogwa. Yafaa tujue ukweli.

Daktari James Parkinson wa London aliueleza ugonjwa huo mwaka 1817, nao ukaitwa kwa jina lake. Ndani ya ubongo zimo chembe zitengenezazo dopamini, kitu kinachosaidia kuongoza mwendo wa viungo. Chembe hizo zikifa, amri za ubongo hazifuatwi vema. Hata wenye nguvu hupatwa: Muhammad Ali, aliyemshinda George Foreman kwa ngumi mjini Kinshasa mwaka 1974, aligunduliwa kuwa na maradhi hayo mwaka 1984.

Dawa kuu ni levodopa, ambayo hugeuka kuwa dopamini. Lakini miaka ikipita, nguvu yake hupanda na kushuka: saa hii mgonjwa anatembea, saa ile amekwama. Hapo wengine hufikiriwa kwa kazi ya umeme, iliyoanzishwa na Profesa Alim Louis Benabid na wenzake huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Nyuzi nyembamba hutiwa ndani ya ubongo, na kisanduku chenye betri huwekwa chini ya ngozi ya kifua. Umeme kidogo hupiga mara 130 hivi kwa sekunde moja.

Je, kila mgonjwa anafaa? Sivyo. Kwanza hupimwa kwa levodopa, maana asiyesaidiwa na dawa hiyo kwa kawaida hasaidiwi sana na umeme. Aliyekwisha kupotewa na akili hakubaliwi.

Tena, ubongo ni kama nchi yenye barabara nyingi, na barabara hizo si sawa kwa watu wote. Kwa mashine ya sumaku, wataalamu huchora ramani ya sehemu zinazosemezana. Mwaka 2017 Andreas Horn na wenzake walitoa habari za wagonjwa 95 waliotiwa nyuzi katika miji ya Berlin na Würzburg, Ujerumani. Waliona kwamba nafuu ilifuatana na jinsi mahali palipoguswa na umeme panavyounganishwa na sehemu za mbele za ubongo, zile ziandaazo mwendo. Basi milimita chache zaweza kutenga nafuu kubwa na nafuu ndogo. Hata hivyo elimu hii ingali changa, wala haitoshi peke yake kumchagua mgonjwa.

Tusidanganyike: umeme hupunguza taabu, haufufui chembe zilizokufa, na kupasuliwa kichwa kuna hatari ya kuvuja damu. Lakini kuna msaada usiohitaji mashine. Mwenye mzee atetemekaye nyumbani ampeleke kwa daktari, ampe dawa kwa saa yake, na amngojee kwa saburi amalize neno lake.