Keti Kwanza, Upige Hesabu

Bei ya petroli inawafanya baba na mama hapa Butimba waulizane: je, tununue gari la umeme? Swali hilo ni jema, na linafaa kuulizwa hata mbele za Mungu, maana fedha ya nyumba ni amana.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anasimulia habari ya mtu anayetaka kujenga mnara. Inampasa kuketi kwanza ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi na watu wakamcheka.

Basi tuketi. Chukua Nissan Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010. Betri yake ni ya uniti 24, uniti zilezile unazonunua kwa LUKU. Likiwa jipya, gari hilo lilikadiriwa kwenda kilomita 117 hivi. Kwa shule ya watoto, kazi ya mjini na ibada ya Jumapili, zinatosha, na hakuna oili ya injini ya kumwaga. Lakini Shinyanga ni zaidi ya kilomita 150. Tena betri huchakaa kama mwili. Gari la mtumba la umri huo halifiki tena mbali vile. Kabla ya kulipa, tazama kwenye dashibodi vistari 12 vinavyoonyesha uwezo wa betri uliobaki. Vikiwa vimepungua sana, bei rahisi ni mtego. Uliza pia ni fundi gani wa Mwanza atakayelitengeneza, na umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi mtaendaje.

Hesabu kubwa zaidi haionekani kwenye dashibodi. Fedha inatoka wapi? Kama ni ada ya mtoto, dawa ya mama yako kijijini, au mkopo ambao mwenzako hajaambiwa, gari hilo ni ghali hata kabla halijafika bandarini. Ketini wawili, mume na mke, kwa daftari na kwa sala.

Mkiona haliwafai mwaka huu, kupanda daladala si aibu. Mjenzi yule hakuchekwa kwa umaskini wake. Alichekwa kwa kuanza bila kuhesabu. Mkiona linawafai, nunueni kwa amani, na kiti kimoja mwachieni jirani mzee anayekwenda ibadani kwa miguu.

Jumapili njema.