Kujua na Ujuzi: Tatizo la Kufasiri Kauli za Socrates

Socrates hutajwa mara kwa mara kuwa alisema anajua jambo moja tu, nalo ni kwamba hajui kitu. Kauli hiyo haimo katika Apologia ya Plato. Kilichomo katika kifungu cha 21d ni cha kiasi zaidi: tofauti na mwanasiasa aliyemhoji, yeye hadhani kuwa anajua asichokijua. Tena katika 29b anatamka bayana kwamba anajua kuwa ni uovu na aibu kudhulumu na kumwasi aliye bora, awe mungu au mwanadamu. Je, anajua au hajui?

Mwaka 1977 Terence Irwin alijibu kuwa Socrates ana imani za kweli tu, si elimu. Jibu hilo linapata taabu kwenye 29b, kwani kitenzi cha Kigiriki pale ni kilekile cha kujua. Gregory Vlastos, katika makala yake ya 1985, alikipa kitenzi hicho maana mbili: elimu ya yakini, ambayo Socrates anaikana, na elimu itokanayo na kuhojiana, ambayo anaikiri. Pendekezo hili lavutia, ila matini haionyeshi popote kuwa msemaji amebadili maana. Na mamia ya raia waliokaa kumhukumu wangeing'amuaje tofauti hiyo?

Paul Woodruff (1990) alishika njia nyingine: kinachokanwa ni elimu ya bingwa. Hapa Kiswahili kinamfaa mfasiri, kwa kuwa anayejua si lazima awe mjuzi. Mtu aweza kujua kwamba dhuluma ni mbaya bila kudai ujuzi wa maadili, yaani uwezo wa kueleza dhuluma ni nini, kuitolea sababu na kuifundisha. Katika 22d Socrates anakiri kuwa mafundi walijua mambo mengi mazuri asiyoyajua yeye. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba ufundi huo uliwapa hekima katika mambo makuu pia. Mfasiri atumiaye "elimu" kila mahali huifuta tofauti hii, na kumfanya Socrates ajipinge mbele ya msomaji asiyejua Kigiriki.

Hata hivyo, suluhisho hili lina mpaka. Katika Gorgias 508e–509a, Socrates anadai hoja zake zimefungwa kwa chuma, kisha papo hapo anasema hajui mambo hayo yakoje. Kuandika pale kwamba yeye "si mjuzi" ni kuongeza kisichokuwamo. Ningeacha "sijui", na tanbihi imweleze msomaji ugumu uliopo.