Chemosit aingie shule ya Jumapili

Chemosit ana mguu mmoja na matako tisa. Nusu yake ni mtu, nusu ni ndege, na hutembea akiegemea fimbo iliyofanana na mkuki. Kinywa chake ni chekundu, na usiku hung'aa kama taa. Akitaka kula watoto, hawakimbizi. Hukaa gizani karibu na kwao akaimba, nao wakisikia wimbo na kuona mwanga hudhani kuna ngoma, wakatoka kuifuata wenyewe. Ndivyo A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alivyoandika habari zake katika kitabu kuhusu Wanandi kilichotoka mwaka 1909, muda mfupi baada ya walowezi Makaburu kuingia na magari yao ya ng'ombe katika uwanda huu wa Uasin Gishu.

Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba Shetani naye hujigeuza akafanana na malaika wa nuru. Kogo, yaani bibi wa Kinandi, akisimulia jioni kando ya moto, alikuwa akiwaonya wajukuu wake jambo hilohilo: mwanga nao huua. Lakini yeye alilisema kwa namna ambayo mtoto wa miaka mitano hawezi kuisahau hadi uzeeni. Hata hivyo, kwa muda mrefu Chemosit amezuiwa mlangoni mwa kanisa kama masalio ya upagani, na mtoto wa Langas au Kapsoya, mitaa ya Eldoret, akapewa kitabu chenye picha za theluji.

Inasikitisha zaidi kwa sababu Eldoret ina historia yake katika jambo hili. Taasisi ya kichungaji ya AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa eneo hili la Afrika, ilihamia hapa katika miaka ya 1970 kutoka Gaba, Kampala, ikaja na jina lake. Chini ya jina hilo la Gaba hutolewa jarida la AFER, lililoanzishwa mwaka 1959, na vitabu vya mfululizo wa Spearhead. Humo wataalamu walizijadili methali na ngano za Kiafrika kama njia halali ya kumzungumzia Mungu. Tatizo ni kwamba mazungumzo hayo yalifanywa na watu wazima, kwa Kiingereza, na sehemu kubwa yakabaki kwenye rafu za maktaba.

Chukua hadithi ya Kisukuma ambayo mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz waliiweka katika kitabu chao cha teolojia ya masimulizi cha mwaka 1996. Zimwi Shing'weng'we alimeza watu wote ulimwenguni pamoja na mifugo yao. Alisalia mama mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, ambaye alipokua aliuliza watu wote wako wapi. Akaenda kulitafuta zimwi, akaliua na kulipasua, na wote waliomezwa wakatoka wakiwa hai. Mpaka hapo, mkatekista yeyote ataona Pasaka. Lakini ngano haiishii hapo. Katika kupasua, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Badala ya kushukuru, alimtukana mkombozi wake na kutaka kumloga. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamponya.

Sikio hilo ndilo linalonishika. Nalo linanipeleka bustanini Gethsemane, ambako Malko, mtumishi wa kuhani mkuu, alikatwa sikio na Yesu akalirudisha, yeye akiwa ndiye anayekamatwa. Sidhani Wasukuma walimnakili Luka. Nadhani waliotunga ngano hii walijua kwamba wokovu huacha majeraha, na kwamba aliyeokolewa anaweza kumchukia aliyemwokoa. Mtoto akikutana na sikio hilo Gethsemane baada ya kulisikia katika ngano, hatahitaji mwalimu wa kumwambia kuna uhusiano.

Na kwa kweli asiambiwe. Kosa kubwa la hadithi zetu za kidini kwa watoto ni ile sentensi ya mwisho inayoanza na "hadithi hii inatufundisha". Marko anasema wazi kwamba Yesu aliwaambia makutano mifano, na maelezo akawapa wanafunzi wake faraghani. C. S. Lewis, aliyemtungia Kristo sura ya simba katika hadithi yake ya mwaka 1950, alieleza kwamba hakuanza na fundisho. Alianza na picha zilizomjia akilini, mojawapo ya kiumbe nusu mtu nusu mbuzi aliyebeba mwavuli kwenye theluji. Yeye alikuwa na kiumbe wake. Sisi tunaye nusu mtu nusu ndege, na hatuhitaji kuagiza theluji.

Tuna pia ngano ya shambani. Mtoto wa Moiben au Ziwa aliyepita kando ya shamba la ngano kabla kombaini haijaingia anajua kuna magugu yanayofanana nayo mpaka masuke yatoke, na kwamba anayeng'oa mapema hung'oa yote. Mfano wa Mathayo sura ya 13 kwake ni habari ya nyumbani.

Lakini kuna hadithi moja ambayo katika eneo hili lazima isimuliwe kwa uangalifu mkubwa. Ni ile ya vijana watatu katika tanuru la moto. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, kanisa la KAG (Kenya Assemblies of God) la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa likiwa limejaa watu waliokimbilia humo kuokoa maisha, wengi wao wanawake na watoto. Baadhi ya waliokuwa watoto wakati ule sasa ni wazazi, nao wanawaleta watoto wao shule ya Jumapili. Kwa familia hizo moto si pambo la hadithi, na malaika hakuonekana ndani ya tanuru. Kitabu cha Danieli hakiogopi hilo. Kabla ya kutupwa motoni, vijana wale wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu yake. Matoleo yaliyofupishwa kwa ajili ya watoto huona sehemu hiyo ya pili ni nzito, yakairuka na kwenda moja kwa moja kwenye muujiza. Mwandishi atakayeiandika upya hadithi hiyo kwa watoto wa Kiambaa aiache humo nzima.