Rivolva Kuukuu: Je, Ilifika Vitani Kweli?

Tuseme, msomaji, umeonyeshwa rivolva kuukuu, nyeusi na nzito. Mwenyewe anakuapia kwamba ilining'inia kiunoni mwa afisa wa Kiingereza huko Salaita, karibu na Taveta, siku ile ya Februari 1916 Waingereza walipotimuliwa na majeshi ya Wajerumani. Hadithi tamu hiyo, na kwa muuzaji bei yake huwa tamu zaidi. Utajuaje kama ni kweli?

Kwanza sheria. Hapa Kenya kuwa na bastola bila cheti ni kosa, iwe mpya au ya kale. Ukiikuta katika sanduku la marehemu, usiichezee, waite polisi. Haya tunayoeleza yanahusu silaha iliyo katika makumbusho au mikononi mwa mwenye kibali, tena iliyohakikishwa kwamba haina risasi.

Haya, itazame. Rivolva iliyosifika sana miongoni mwa maafisa wa Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza ni Webley Mark VI, iliyoanza kutumiwa jeshini 1915. Mtutu wake una urefu wa inchi 6, uzito wake unapita kilo moja, na silinda yake hubeba risasi sita. Ukiifungua, hukunjika katikati na kuyatema maganda yenyewe. Kwenye fremu, chini ya silinda, kuna chapa ya jina la Webley, aina yake, neno "Patents", kisha mwaka. Wengi hudhani huo ni mwaka ambao ubunifu wake ulisajiliwa. La! Ni mwaka bastola yenyewe ilipoundwa. Basi ukisoma 1918, bastola hiyo haikufika Salaita hata kwa miujiza.

Na ukiona chapa ya Enfield, mambo yameharibika kabisa kwa msimuliaji. Kiwanda hicho cha serikali ya Uingereza kilianza kuunda Mark VI mnamo 1921, wakati vita vilikuwa vimekwisha. Wengine huichanganya na rivolva ndogo ya Enfield ya miaka ya 1930, yenye mtutu wa inchi 5. Hiyo ni ya Vita Vikuu vya Pili. Baadhi yake nyundo haina ncha ya kuvutia kwa kidole gumba, kwa sababu ilikuwa ikiwanasa nguo askari wa vifaru.

Tafuta pia alama ya mshale. Mshale mmoja mpana ni ishara kuwa ilikuwa mali ya serikali. Miwili iliyogusana ncha huonyesha kuwa serikali iliiuza. Usiharakishe, hata hivyo, kuikataa bastola isiyo na mshale. Maafisa wengi wa siku hizo walijinunulia silaha zao madukani, mradi iweze kufyatua risasi za jeshi.

Halafu linganisha nambari zilizogongwa kwenye fremu, silinda na mtutu. Zikitofautiana, huenda vipande vimeokotwa huku na huku. Tazama herufi: zikiwa zimefifia kingo ilhali chuma kinang'aa kama sufuria mpya, imepigwa msasa na kupakwa rangi upya. Nyingi zilizouzwa Marekani baada ya 1945 zilikatwa silinda kwa nyuma ili zipokee risasi za bastola ya Colt ya huko. Hizo zimepungua thamani, na risasi zenyewe zina nguvu kupita kiasi kwa chuma hicho.

Lililo gumu zaidi ni kuifunga bastola na mtu. Mwaka utakuambia ilizaliwa lini, wala si nani aliibeba. Hapo wahitaji karatasi: barua, risiti ya duka, au faili ya afisa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza kule Kew, London. Jina lililochongwa kwenye chuma halitoshi. Chukua kioo cha kukuzia uangalie mikwaruzo ya zamani. Ikipita juu ya herufi, jina lina umri. Herufi zikiikata mikwaruzo hiyo, jina lilichongwa baadaye, pengine juzi tu.