Kuruka kwa parachuti ukiwa umeshastaafu: kinachozuia na kinachowezekana

Anayepita ufuo wa Diani asubuhi ya anga safi, hasa msimu wa kaskazi, huenda akainua macho akaona parachuti ikishuka taratibu kuelekea mchangani. Chini yake kuna watu wawili waliofungwa pamoja: mkufunzi nyuma, mgeni mbele. Sisi wenyeji wa Pwani tumezoea kuitazama kama tunavyozitazama meli za watalii zikiingia Kilindini: kitu kinachofika kwetu lakini si chetu. Na mtu akishavuka miaka hamsini, huona haya hata kuuliza bei.

Makala haya yanamhusu mtu huyo. Tuseme ni mama wa Pwani aliyefanya kazi Nairobi miaka thelathini, akastaafu, na bado anakaa Hurlingham karibu na watoto na wajukuu. Ana presha kidogo, goti moja linamsumbua, na ana hamu ambayo hajamwambia mtu. Je, hamu hiyo aizike? Si lazima. Lakini kuna vikwazo vya kweli mbele yake. Baadhi vina dawa, na baadhi vikimwambia akae chini, inafaa asikie.

Parachuti ya watu wawili ndiyo iliyofungua mlango

Kwetu Kenya, wengi tuliiona parachuti kwa mara ya kwanza siku za sikukuu za taifa, wanajeshi wakitua uwanjani. Hata ng'ambo, raia aliyetaka kuruka alilazimika kufunzwa kwanza, kisha aruke peke yake na atue kwa miguu yake mwenyewe. Hapo ndipo wazee walipoachwa nyuma, kwa sababu kutua vibaya huvunja vifundo vya miguu.

Mambo yalibadilika miaka ya 1980, zilipoanza kutengenezwa parachuti kubwa za kubeba watu wawili. Mgeni hufungwa mikanda mabegani, kifuani na mapajani, kisha hufungwa na mkufunzi aliye nyuma yake. Mkufunzi ndiye anayefungua parachuti, anayeiongoza na anayeitua. Kazi ya mgeni ni ndogo: kukaa mkao aliofundishwa wakati wa kutoka, na kuinua miguu wakati wa kutua.

Ndege hupanda hadi futi 10,000 au zaidi. Futi 12,000 ni kama mita 3,650. Hurlingham yenyewe iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huko ni kama mara mbili ya kimo ambacho mama yetu analala kila usiku. Na bado ni chini sana ya Point Lenana, kilele cha Mlima Kenya ambacho watu hukifikia kwa miguu, chenye mita 4,985. Baridi ipo: joto hupungua kama nyuzi 2 kwa kila futi 1,000, hivyo Ukunda ikiwa na nyuzi 30, huko juu huenda zikabaki 6.

Baada ya kutoka mlangoni, watu huanguka kwa kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa, kwa muda usiofika dakika moja au unaoizidi kidogo. Karibu futi 5,000 parachuti hufunguliwa, kisha hufuata dakika tano hadi saba za kuelea. Ndani ya mfuko huo huo kuna parachuti ya pili ya akiba, na kifaa kidogo kinachopima kimo na kasi. Ikitokea mkufunzi ameshindwa kufungua, kifaa hicho huifungua ile ya akiba chenyewe.

Kikwazo cha kwanza: "Umri wako umepita"

Hili ndilo neno litakalosemwa mapema zaidi, na ndilo lenye nguvu ndogo zaidi. George H. W. Bush, aliyekuwa rais wa Marekani, alidunguliwa na ndege yake katika Bahari ya Pasifiki mwaka 1944 akajiokoa kwa parachuti. Mwaka 1997, akiwa na miaka 72, aliamua kuruka tena, safari hii kwa hiari. Aliadhimisha miaka 75, 80 na 85 kwa kuruka, na mwaka 2014 akatimiza 90 angani, akiwa amefungwa na mkufunzi, ilhali ardhini alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu.

Utasema huyo alikuwa mwanajeshi. Basi mtazame Dorothy Hoffner wa Chicago, aliyeruka kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 100. Oktoba 2023 akarudia akiwa na miaka 104, akaacha kigari chake cha kutembelea kando ya ndege. Siku chache baadaye alifariki usingizini nyumbani. Uswidi nako, Rut Larsson aliruka mwaka 2022 akiwa na miaka 103.

Hawa hawathibitishi kwamba kila mzee anaweza. Wanathibitisha kwamba namba ya miaka peke yake haisemi kitu. Kinachosema ni mwili.

Kikwazo cha pili: mwili

Hapa anayeishi Hurlingham ana bahati, kwa kuwa kando ya barabara ya Argwings Kodhek na mitaa ya jirani kuna kliniki na madaktari bingwa wengi kuliko katika miji mingi ya Pwani. Aende mapema, miezi miwili au mitatu kabla, wala asimwambie daktari tu kwamba "nataka kusafiri". Amweleze kinaga ubaga: nitapanda futi 12,000, moyo utapiga mbio, parachuti ikifunguka mikanda itanivuta ghafla, na huenda nikatua kwa makalio.

Maneno hayo yatamwongoza daktari kwenye mambo manne. La kwanza ni moyo na presha, kwa sababu hofu hupandisha vyote viwili kwa dakika chache. Presha iliyotulizwa kwa dawa ni jambo moja. Presha inayopanda na kushuka bila mpangilio ni jambo jingine. La pili ni mifupa. Wanawake baada ya kukoma hedhi hupoteza uzito wa mifupa, na uti wa mgongo dhaifu haupendi mshtuko. La tatu ni upasuaji wa karibuni, hasa wa macho, nyonga au mgongo. La nne ni dawa: anayetumia dawa za kuyeyusha damu huvuja damu nyingi hata kwa jeraha dogo, na mwenye kisukari asipande akiwa na njaa.

Kuna jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya sebuleni. Kaa kwenye kiti, nyosha miguu yote miwili mbele hadi ilingane na makalio, uishikilie hapo kwa sekunde kumi. Hivyo ndivyo miguu inavyotakiwa wakati wa kutua. Ukishindwa leo, si mwisho. Fanya hivyo kila asubuhi, tembea Arboretum mara tatu kwa wiki, na upime tena baada ya mwezi.

Uzito nao huangaliwa. Kampuni nyingi duniani huweka kikomo cha karibu kilo 100, nyingine chini ya hapo kwa wenye umri mkubwa, na zipo zinazotaka barua ya daktari. Uliza kabla ya kulipa. Meno ya bandia yatolewe au yabanwe vizuri, vifaa vya masikio viachwe chini, na mwenye miwani aombe ile miwani mikubwa ya kuvaliwa juu yake. Mwenye mafua asiruke, maana masikio yaliyoziba huuma sana wakati wa kushuka. Na aliyezamia baharini kwa mtungi wa hewa angoje saa 24 kabla ya kupanda.

Kikwazo cha tatu: watu wa nyumbani, na stara

Watoto watapinga. Wengine watasema, "Mama, unataka kutuletea msiba?" Nyuma ya swali hilo kuna mapenzi, lakini pia kuna mazoea yetu ya kumweka mzee pembeni: akiguswa na jambo, watoto ndio wanaoamua. Jibu jema ni karatasi. Weka mezani barua ya daktari na masharti ya bima. Bima nyingi za ajali huacha nje michezo ya hatari, kwa hiyo soma kipengele hicho kwa makini au umwombe mtu akusomee. Uwe pia umeandika wasia na kuyataja madeni, jambo ambalo kwa umri huo lilipaswa kufanywa hata kama huruki popote.

Waelezwe pia hatari ilivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Chama cha warukaji cha Marekani, ambacho huweka hesabu hizi kila mwaka, kiliandika vifo 10 mwaka 2023 katika miruko ipatayo milioni 3.65. Hatari ipo, na aliyekwambia haipo amekudanganya. Majeraha ya miguu wakati wa kutua nayo hutokea.

Kwa mama Mwislamu kuna jambo jingine ambalo matangazo ya utalii hayalitaji. Mkufunzi hufungwa mgongoni mwako, na wakufunzi wanawake ni wachache. Uliza mapema kama yupo. Buibui halifai kwa mikanda, lakini suruali pana, kanzu fupi iliyochomekwa na mtandio uliofungwa barabara chini ya kofia vinafaa. Aliye na wasiwasi wa kidini kuhusu kugusana au kujitia hatarini amuulize shehe anayemwamini, amweleze kila kitu kama alivyomweleza daktari. Akiambiwa hapana akaridhika, hajashindwa.

Kikwazo cha nne: pesa na upepo

Gharama ni makumi ya maelfu ya shilingi kwa mruko mmoja, kabla hujahesabu safari na malazi. Picha na video mara nyingi hulipiwa kando. Si pesa ya kukopa, wala ya kuchota kwenye kiinua mgongo kinacholisha nyumba. Ni ya kuweka kidogo kidogo, mwaka mzima ikibidi. Kabla ya kutoa amana, uliza mambo matatu: kampuni ina kibali cha Mamlaka ya Safari za Anga, mkufunzi ana cheti cha kubeba abiria, na pesa hurudishwa vipi hali ya hewa ikiharibika.

Swali hilo la mwisho ndilo huwaponza wanaotoka Nairobi. Ndege kutoka Wilson hadi Ukunda huchukua kama saa moja, na mtu huona anaweza kwenda asubuhi akarudi jioni. Lakini upepo haujui tiketi yako. Nahodha wa jahazi hangoji kuambiwa kwamba kusi likikaza hatoki. Parachuti nayo ina kikomo chake, na mvua ya masika huifungia kabisa. Panga siku tatu, lala usiku wa kwanza, na uwe tayari kurudi bila kuruka. Anayekazana kuruka kwa sababu tiketi inaisha ndiye anayeanza kupuuza mafua yake na presha yake.

Kikwazo cha mwisho: mlango

Wengi huogopa kwamba watajisikia kama wanaangushwa kutoka ghorofani. Kwa futi 12,000 haiwi hivyo. Jicho hupima kimo kwa kulinganisha vitu vya karibu, na huko juu hakuna ukuta wala mti wa kulinganisha. Bahari na mikoko huonekana kama ramani. Kigumu ni zile sekunde za mlangoni, mlio wa upepo na baridi vikikupiga usoni. Pumua nje taratibu, kwa muda mrefu kuliko unavyovuta ndani. Na ujue hili, uwaambie na wanao: mpaka dakika hiyo una haki ya kusema hapana. Ndege itashuka na wewe, utalala nyumbani, na pesa iliyopotea itakuwa pesa tu.

Kwa hiyo mama yetu wa Hurlingham asianze na Diani. Aanze na kiti cha sebuleni na sekunde kumi, kisha daktari, kisha meza ya familia. Daktari akimkataza, amepata uchunguzi ambao huenda angeuahirisha mwaka mwingine mzima. Akimruhusu, uamuzi unaobaki ni wake mwenyewe. Na siku akiruka, wavuvi watakaoinua macho kutoka mashuani watajua kwamba safari hii anayeshuka ni mtu wa kwao.