Remmy Ongala na Suala la Vyombo

Mwanamuziki huru, kwa maana itakayotumika hapa, ni yule anayetunga na kuimba nyimbo zake mwenyewe, na ambaye hakuna shirika wala tajiri anayeweza kumnyamazisha kwa kumpokonya kitendea kazi. Huko Ulaya uhuru huo hupimwa kwa mikataba na kampuni za santuri, lakini katika nchi za Kiswahili, kuanzia Ituri hadi pwani ya Bahari ya Hindi, swali lililoamua maisha ya mwimbaji kwa miaka mingi lilikuwa jingine: nani mwenye vyombo, yaani magitaa ya umeme, ngoma na vipaza sauti ambavyo bila hivyo bendi haipandi jukwaani? Msomaji wa Bunia ataelewa upesi, kwa kuwa mchimbaji wa dhahabu wa Mongbwalu anayeshuka shimoni kwa mtaji wa mwenye shimo, anayeitwa PDG, kisha akagawana naye kile kilichopatikana, anafanya kazi katika mfumo unaofanana sana na ule wa mwanamuziki wa dansi.

Ilikuwapo njia ya kuukwepa mfumo huo, nayo ni kupiga gitaa kavu peke yako. Jean Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930 na kurekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa machimbo ya shaba ambao leo huitwa Likasi, hakuhitaji bendi, na wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka ya Kongo hata yeye mwenyewe akafika kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969. Hata hivyo gitaa moja halikuweza kujaza ukumbi wa dansi, na magitaa ya umeme yalipoenea katika miaka ya 1960, aliyetaka kusikika na umati wa wafanyakazi wa mjini alilazimika kutafuta mwenye vyombo.

Hapo ndipo maisha ya Ramazani Mtoro Ongala, aliyejulikana kama Remmy, yanapokuwa na mafunzo mengi zaidi. Alizaliwa Kindu, Maniema, mwaka 1947, akafiwa na wazazi mapema, akajifunza muziki katika bendi za Kongo, na mwaka 1978 akaenda Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi iliyoongozwa na Mkongomani mwenzake, Mzee Makassy. Jiji alilolikuta lilikuwa na bendi za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za mashirika ya umma na vyama, kama bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanza kwa jina la NUTA Jazz, au Mlimani Park, iliyoundwa mwaka huohuo wa 1978 na baadaye kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Za pili zilikuwa za watu binafsi. Makassy ilipohamia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Remmy alibaki Dar es Salaam, akaingia Matimila, ambayo vyombo vyake vilikuwa mali ya mfanyabiashara.

Kwa hiyo yule aliyekuja kuitwa sauti ya wanyonge alikuwa mwenyewe kibarua wa vyombo vya mtu mwingine, na pengine hiyo ndiyo sababu nyimbo zake hazina harufu ya huruma ya mtu anayewatazama maskini kutoka juu. Wakati huo Tanzania ilikuwa imetoka katika vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, maduka yalikosa bidhaa, na mwaka 1986 serikali ikakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. "Mnyonge Hana Haki" ulisikika katika hali hiyo. "Kifo", ambao unazungumza na mauti kana kwamba ni mtu aliyesimama mbele ya mwimbaji, ulipendwa na watu wa kila tabaka, lakini uzito wake ulikuwa kwa wale ambao msiba huwaachia deni pia. Bendi za Kongo za zama hizo mara nyingi zilikimbilia sehemu ya kucheza na kuyafanya maneno kuwa mlango tu wa kuingilia, ilhali Remmy alitaka asikilizwe kwanza, na katika hili alikuwa karibu zaidi na washairi wa pwani kuliko na Kinshasa.

Mlango wa nje ulifunguka mwaka 1988, alipozuru Ulaya na bendi yake, ambayo sasa iliitwa Super Matimila, chini ya WOMAD, taasisi ya matamasha ambayo Peter Gabriel ni mmoja wa waasisi wake. Mwaka 1989 lebo ya Real World ilitoa albamu *Songs for the Poor Man*, na mwaka 1992 ikafuata *Mambo*. Kichwa cha albamu ya kwanza, kinachotaja nyimbo za maskini, kiliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, jambo ambalo lina kejeli yake, kwa sababu maskini waliotajwa walizipata nyimbo hizo kwenye redio na kwenye kanda zilizonakiliwa mitaani, ambazo hazikumlipa mtunzi chochote.

Redio nayo ilikuwa na mwenyewe. Katika miaka ya 1980 kituo cha serikali, Radio Tanzania Dar es Salaam, hakikuwa na mshindani Tanzania Bara, na Remmy alipotunga "Mambo kwa Soksi", wimbo uliowahimiza wanaume kutumia kondomu ili kujikinga na ukimwi, kituo hicho kilikataa kuurusha. Wimbo ulienea hata hivyo, kwa kanda na katika kumbi, yaani kwa unakili uleule uliomnyima mapato.

Baada ya kupatwa na kiharusi mwaka 2001, Remmy aliacha dansi na kugeukia nyimbo za Injili, uamuzi uliowahuzunisha wapenzi wake wa zamani. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Huko Sinza, mtaa alioishi, kuna kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy.