Kabla ya kulipia kozi ya MCAT, jipime kwanza

KIJANA wa Kenya anayesomea shahada nchini Marekani au Kanada, na ambaye ndoto yake ni kuwa daktari, hukabiliwa na kizingiti kisichojulikana sana huku nyumbani. Kizingiti hicho ni mtihani wa MCAT.

Hapa kwetu, mwanafunzi hujiunga na kozi ya udaktari moja kwa moja kutoka shule ya sekondari, kwa nguvu ya alama zake za KCSE. Marekani mambo ni tofauti. Huko, udaktari husomewa baada ya shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne, na takriban vyuo vyote vya tiba hudai alama za MCAT. Vyuo vingi vya Kanada vinavyofundisha kwa Kiingereza hufanya vivyo hivyo.

Mtihani huu husimamiwa na muungano wa vyuo vya tiba vya Marekani, AAMC. Tangu 2015 umekuwa na sehemu nne: kemia na fizikia, ufahamu na uchanganuzi wa matini, baiolojia na baiokemia, kisha saikolojia na sosholojia. Maswali ni 230, na muda wa kuyajibu ni saa sita na robo, mbali na mapumziko. Kikokotoo hakiruhusiwi.

Kila sehemu hutuzwa alama kati ya 118 na 132, hivyo jumla huwa kati ya 472 na 528. Mtahiniwa wa kawaida hupata karibu 500, ilhali wastani wa wanaojiunga na vyuo vya tiba vya Marekani katika miaka ya karibuni umekuwa takriban 512. Pengo hilo ndilo linalowatia watu hofu.

Isitoshe, mtihani haurudiwi kiholela. Mtahiniwa anaruhusiwa kuufanya mara tatu kwa mwaka, mara nne katika miaka miwili mfululizo, na mara saba katika maisha yake yote. Vyuo huona matokeo yote, mazuri na mabaya.

Hofu hiyo imezaa biashara kubwa ya kozi za matayarisho. Kampuni ya Kaplan ilianzia Brooklyn, New York, mnamo 1938, nayo Princeton Review ikafuata mnamo 1981. Siku hizi zipo nyingine nyingi, kubwa kwa ndogo. Kozi yenye mwalimu na ratiba ya vipindi aghalabu hupita dola 2,000. Kwa mzazi anayechukua mkopo wa Sacco ili kumlipia mwana, hiyo si pesa ya kutupwa ovyo.

Swali ambalo wengi huuliza ni kozi ipi iliyo bora. Lakini daktari mwema haandiki dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Mwanafunzi naye anapaswa kujipima kabla ya kufungua mkoba: afanye mtihani kamili wa majaribio, kwa muda uliowekwa, katika kikao kimoja. AAMC yenyewe huuza mitihani ya aina hii, na baadhi huitoa bila malipo.

Matokeo yakitoka, asitazame jumla pekee. Achunguze alikosea wapi na kwa nini.

Akigundua kwamba hakumbuki kemia aliyosoma miaka miwili iliyopita, basi upungufu wake ni wa maarifa. Huyu anafaidika na kozi inayofundisha masomo upya, au hata vitabu na video. Khan Academy iliandaa mafunzo ya MCAT ya bure kwa ushirikiano na AAMC.

Iwapo anayajua masomo lakini anashindwa na ufahamu, video za kemia hazitamfaa kitu. Sehemu hiyo ina vifungu tisa vya fasihi, falsafa, historia na kadhalika, vyenye maswali 53, na muda wake ni dakika 90. Haihitaji maarifa ya nje. Jibu hupatikana katika kifungu chenyewe. Anachohitaji ni kusoma kila siku, na mwalimu wa kumwonyesha mahali hoja yake inapoteleza.

Na iwapo kila kitu anakijua ila muda humponyoka, tiba yake ni mazoezi mengi ya maswali kwa saa, wala si mihadhara.

Wapo pia wenye uwezo ambao hawana nidhamu ya kujisomea peke yao. Kwa hao, darasa lenye ratiba na mwalimu anayefuatilia huenda likawa na thamani ya ada yake.

Akishajua anachokihitaji, ndipo aiulize kampuni maswali. Nani hasa atakayefundisha, na je, anaweza kuhudhuria kipindi kimoja kabla ya kulipa? Ada inajumuisha mitihani mingapi kamili? Je, maswali halisi ya AAMC yamo, au atayanunua kando? Vipindi vitagongana na masomo ya chuo au kazi? Akijitoa, atarudishiwa kiasi gani?

Ahadi ya kurudishiwa pesa alama zisipopanda isomwe kwa makini. Mara nyingi masharti hudai mwanafunzi awe amehudhuria vipindi vyote, akamaliza kila zoezi na kufanya kila jaribio. Akikosa sharti moja, huenda asipate hata senti.

Aidha, tahadhari na matangazo yanayosifu wanafunzi wachache waliopata alama za juu. Tangazo halisemi wangapi walilipa ada ileile wakatoka kapa, wala walikuwa na alama ngapi walipoanza.

Lipo jambo jingine linalomhusu Mkenya moja kwa moja. Vyuo vingi vya tiba vya Marekani havipokei wanafunzi wa kigeni, na baadhi ya vile vinavyowapokea hudai ithibati ya fedha za kutosha masomo. Asiye raia wala mkazi wa kudumu aorodheshe kwanza vyuo vinavyoweza kumkubali, ndipo afikirie kozi. La sivyo, atajikuta na alama nzuri asizo na pa kuzipeleka.

Mwenye mfuko mwepesi naye asikate tamaa. Kwa mitihani ya AAMC, vitabu vya maktaba, video za bure na miezi kadhaa ya mazoezi thabiti, anaweza kufika mbali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko hakuna kampuni inayoweza kumfanyia mwanafunzi, hata ikilipwa kiasi gani.